Pasi ya Kampala

Harufu ya pareto iliyokaushwa haitoki puani upesi. Ukiishi karibu na magodauni ya stesheni ya Nakuru miaka ile ya hamsini, uliamka nayo na kulala nayo. Magunia kwa magunia ya maua makavu yalipandishwa kwenye mabehewa, na harufu yake kali ikachanganyika na mafuta mazito ya injini na lile vumbi jeupe la magadi ambalo upepo wa kiangazi huliokota ziwani ukaja kulimwaga juu ya nguo zilizoanikwa. Mama alilitukana vumbi lile kwa Kibukusu, kwa sababu kwa Kiswahili, alisema, matusi yake hayaumi vizuri. Tulikaa kwenye landi, yaani zile nyumba za safu walizojengewa wafanyakazi wa reli, chumba kimoja kwa familia moja, na jirani akikohoa ulimwambia pole bila kuinuka kitandani. Watu walikuwa tele. Wanawake waligombania mfereji mmoja, watoto walilia, redio ya fundi mmoja iliimba tangu asubuhi. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nasoma darasa la nne, na mwaka huo sikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Rafiki yangu alikuwa mmoja tu, Nyambura wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baba yake alitengeneza mabehewa. Ilikuwa Hali ya Hatari, na Wakikuyu walikuwa wakiondolewa mjini na kwenye mashamba ya Wazungu, wakirudishwa kwao, huko ambako wengine wao hawajawahi hata kukanyaga. Asubuhi moja nilitoka na kamba yetu ya kuruka nikakuta mlango wao umefungwa kwa waya. Kuku wao mmoja alikuwa bado anaparura uani. Nilimwuliza Mama wamekwenda wapi, naye akaniambia nisiwe na kiherehere, mambo ya watu yana wenyewe. Nilimwuliza mwalimu, naye akaniambia nikae chini. Kwa hiyo nikajifunza kutouliza, na nilijifunza vizuri mno. Kamba nikaiviringisha nikaiweka chini ya godoro.

Baba yangu aliitwa Barasa, na kazi yake ilikuwa kugeuza reli. Ukitoka Nairobi kwa treni, reli hugawanyika mbele kidogo tu ya mji wa Nakuru. Moja huelekea Njoro na Molo hadi Kisumu, na nyingine hupanda Rongai na Timboroa, ikapitia Eldoret na kwetu Bungoma hadi ikaingia Uganda. Baba alisimama pale na bendera zake, akivuta mkono wa chuma mzito, huyu aende Kisumu, yule aende Kampala. Hakusoma hata siku moja. Majina ya stesheni zote aliyajua kwa kichwa, kwa mpangilio, na akilewa kidogo siku ya mshahara aliyaimba. Shirika la reli lilimpa kila mfanyakazi likizo moja kwa mwaka, pamoja na pasi ya kusafiri bure yeye na familia yake, na kila mfanyakazi alikwenda kwao kulima na kuhudhuria matanga yaliyompita. Mwaka ule Baba aligoma. “Miaka kumi na mmoja nawafungulia watu njia ya Kampala,” alimwambia Mama, “na mimi mwenyewe naishia Bungoma kama mzigo ulioandikwa anwani. Mwaka huu nitakwenda mpaka mwisho wa reli nikaone wafalme walikaa wapi.” Landi nzima ilimcheka. Barasa anakwenda kutembea! Barasa amekuwa Mzungu, atabeba kiti cha turubai na kofia ya jua! Yeye alicheka nao, lakini hakubadilisha nia.

Aliyemwashia moto huo alikuwa Mzee Sitati, mtu wa ukoo wetu aliyetandika vitanda vya daraja la kwanza kwenye treni za abiria na mwenye chumba chake Kampala. Treni ikisimama Nakuru alishuka mbio, akaja kwetu kunywa chai na kutia chumvi. Alituambia habari za Mengo, mji wa Kabaka, jumba juu ya kilima na ua wa matete uliosukwa kwa ustadi, na moto mlangoni usiozimwa maadamu mfalme yu hai. Alituambia habari za Kasubi, nyumba ya nyasi kubwa kama godauni walimozikwa wafalme, ambamo unavua viatu na kukaa mkekani hata kama wewe ni D.C. Alituambia kanisa la Namirembe linaonekana kutoka kila kilima, na matoke yanapikwa ndani ya majani mpaka yanalia. Mimi niliyaandika yote. Baba alininunulia daftari la kurasa themanini, nikawa karani wa safari. Siku ya kwanza, Mengo. Siku ya pili, Kasubi, tusisahau soksi safi. Siku ya tatu, kanisani, kisha sokoni. Jioni Baba alikaa kwenye kigoda akisema, “Nisomee tena,” nami nilisoma tena, na wadogo zangu Wekesa na Nasimiyu walipiga makofi kwenye majina wasiyoyajua. Sijui kama nimewahi kupendwa kwa namna ile tena, kwa ajili ya kusoma.

Shida yetu kubwa, au tuliyodhani ni kubwa, ilikuwa Bungoma. Treni ingesimama pale, na pale stesheni hapakosekani ndugu anayeuza ndizi au kuku. Sasa wewe Barasa, mwana wa watu, unapita kwenu bila kushuka? Unampungia mama yako mkono kupitia dirisha? Wee! Hilo lingezungumzwa mpaka wajukuu. Basi ikaamuliwa tutashuka wakati wa kurudi, na wakati wa kwenda tutakaa upande wa pili wa behewa, Mama ajitande leso mpaka puani, na Baba ajifanye amelala. Mama alijaribu leso ile pale pale, akatembea chumbani kama mwanamke wa Pwani, tukacheka mpaka Nasimiyu akajikojolea. Hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichocheka kwa moyo wote mwaka ule.

Pasi ilitoka wiki tano kabla ya safari. Baba aliileta ndani ya kofia yake isije ikakunjika, akanipa. “Soma, mwalimu wangu.” Ilikuwa kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa karani uliolala upande mmoja. Nilisoma jina lake, nikasoma namba yake ya kazi, Nakuru hadi Kampala na kurudi. Nikasoma mke mmoja. Nikasoma watoto wawili: Wekesa, Nasimiyu. Nikarudia kwa macho. Nikageuza nyuma ya karatasi, kulikuwa na muhuri tu. Wote walikuwa wakiningoja. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, “Watoto watatu. Nafula, Wekesa, Nasimiyu.” Baba alipiga paja akicheka. “Umesikia, Mama Nafula? Umesikia?” Maana Mama, landi nzima, tangu nipate fahamu, aliitwa kwa jina langu.

Mtoto akinyimwa maelezo hujitengenezea yake, nami nilitengeneza yangu usiku uleule kabla hata sijafumba macho. Nilikumbuka mwaka uliotangulia, tulipokuwa Bungoma, shangazi mmoja alinishika kidevu akauliza, “Ndiye wa marehemu huyu? Amekua!” Mama alinivuta mkono tukaondoka. Wakati huo sikuona neno. Sasa niliona. Mimi nilikuwa wa mtu mwingine, mtu aliyekufa, na hawa walikuwa wamenitunza tu. Sasa kulikuwa na safari ya watu wa nyumbani, na watu wa nyumbani walikuwa wanne. Mbona basi alinipa pasi niisome? Hilo nalo nililipatia jibu, na jibu lenyewe likaniumiza kuliko yote. Baba alishindwa kuniambia kwa mdomo, akaona afadhali karatasi iniambie. Na nilipojisomea jina langu kwa nguvu, akashindwa pia kunikana mbele ya wadogo zangu, ndiyo maana alicheka. Niliona ni kicheko cha mtu aliyebanwa. Siku ya kuondoka, niliamini, ningeamka nikute mlango umefungwa kwa waya, nami niko nje.

Ningeweza kuuliza. Swali moja tu, Baba mbona simo? Leo nikilifikiria naona jinsi lilivyokuwa jepesi, lingeisha kabla chai haijapoa. Lakini sikuuliza. Niliendelea kuandika mipango ya Kampala, na sasa niliiandika kwa watu wanne. Kwenye ukurasa wa Kasubi niliongeza kwamba Wekesa avuliwe viatu na Mama, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimvua. Niliandika Nasimiyu hali matoke ya moto, apuliziwe. Nilimchukua Wekesa nyuma ya choo kila jioni nikamfundisha kumshika dada yake mkono barabarani, mkono wa ndani, siyo wa upande wa magari, na alipokosea nilimfinya. Alikuwa na miaka sita, maskini. Aliniuliza, “Na wewe utamshika nani?” Nikamwambia anyamaze afanye alivyoambiwa. Baba aliponiambia nimsomee daftari nilisoma, nikiziruka hizo sehemu, nikatia jina langu hapa na pale kama nilivyolitia kwenye pasi. Nikawa mwongo hodari.

Mama aligundua kitu, lakini hakugundua nini. Siku moja akinisuka nywele aliuliza mbona siku hizi nimenyamaza kama maji ya mtungi. Nilisema kichwa. Akanipa kidonge, nikakimeza, na kichwa hakikuwa kinauma. Wiki iliyofuata alipeleka kitambaa kwa jirani mwenye cherehani, kitambaa kimoja cha maua ya bluu, akatushonea mimi na Nasimiyu nguo zinazofanana. Nilipoijaribu Mama alinizungusha, akasema, “Kampala watauliza hawa mapacha wametoka wapi.” Mimi nikajiambia hii ndiyo zawadi ya kuniaga. Nililia, na Mama alidhani ni furaha, akanicheka na kunipangusa pua kwa ncha ya leso. Nilimwangalia nikatamani sana aniambie ukweli, naye hakuwa na ukweli wowote wa kuniambia kuhusu safari ile zaidi ya ule uliokuwa mbele yangu. Nilikuwa mpweke ndani ya chumba cha watu watano, mbele ya mama aliyekuwa akinipangusa pua.

Siku ya safari mlango haukufungwa kwa waya. Tuliamshwa wote pamoja, tukaogeshwa wote, tukapakwa mafuta wote mpaka tukang’aa, na mimi nikabebeshwa kikapu cha chapati na mayai ya kuchemsha. Badala ya kufurahi niliogopa zaidi. Nilijua kilichoandikwa kwenye pasi, na sasa tunakwenda mbele ya mkaguzi. Stesheni ilijaa. Kulikuwa na askari wa reli wakiuliza watu vitambulisho, kwa sababu ya Hali ya Hatari, na wanawake wenye mabunda, na upepo ule wa ziwani. Wadogo zangu walipandishwa kwanza na mizigo. Mama alipanda. Mkaguzi wa tiketi, kijana aliyevaa koti la khaki lenye vifungo vya kung’aa, aliichukua pasi, akasoma, akaanza kuhesabu kwa kidole. Kidole kikafika kwangu kikasimama.

“Huyu wa nani?”

“Wangu,” Baba alisema.

“Hayumo.”

“Yumo. Wako watatu. Msomee, Nafula.”

Alisema vile kwa fahari, jameni. Alitaka kumwonyesha yule kijana kwamba binti yake anajua Kiingereza. Watu walikuwa wanasukumana nyuma yetu, injini inatoa mvuke, na Baba ameichukua tena ile pasi, ananinyooshea. Nilifikiri, sasa ataaibika mbele ya watu kwa sababu yangu, na safari yake ya miaka kumi na mmoja itaharibika. Nikaona njia moja tu ya kumwokoa. Nikasema kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili safi cha shuleni, “Mimi si mtoto wao. Nimewasindikiza tu.”

Siwezi kuusahau uso wa Baba. Sitausahau. Mkaguzi alisema, “Unaona? Mwenyewe anakataa,” na askari aliyekuwa karibu akageuka. Mtoto asiye na mtu, siku zile, na mtu mzima anayemsafirisha na karatasi isiyomtaja, halikuwa jambo dogo. Askari akamshika Baba mkono, akauliza mtoto huyu amemtoa wapi. Baba hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi. Filimbi ikapigwa. Mama alitoa kichwa na mikono dirishani akipiga kelele, “Nafula! Ni nini? Panda!” na Baba akaamka kama aliyemwagiwa maji, akamwambia, “Nendeni! Nendeni, nitakuja!” Treni ikaondoka, kikapu nimebaki nacho mimi.

Tulikaa kwenye ofisi ya askari mpaka msimamizi wa kazi wa Baba alipokuja kusema kwamba anamjua mtoto huyu, amemwona akikua. Tukaachiliwa. Tulirudi landi kwa miguu, Baba mbele, mimi nyuma na chapati zangu, majirani wakitutazama bila kutania. Alikaa kwenye ngazi ya mlango. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Aliuliza kwa upole kwa nini nimesema vile. Nikamwambia kwa sababu ni kweli, jina langu halimo, wewe ulimwambia karani watoto ni wawili. Akasema hakumwambia hivyo. Kisha akanieleza, polepole, akitazama reli. Mdogo wake, baba aliyenizaa, alifariki mimi sijaanza kutambaa, na mama aliyenizaa alimtangulia. Yeye na Mama walinichukua kabla hawajapata wao. Alipokwenda kuniandikisha kazini, karani wa kwanza alidai barua ya chifu ya kuthibitisha kwamba mimi ni mtoto wake. “Barua!” alisema, na hata siku hiyo sauti ilimpanda. “Mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu. Kwetu nani amewahi kuandikiwa barua ya mtoto wake mwenyewe?” Alitoka ofisini kwa hasira akaapa hataomba ruhusa ya mtu kuwa baba yangu. Miaka ikapita, na safari za Bungoma wakaguzi waliomjua hawakuhesabu watoto wake. Mwaka ule wa safari alimwambia karani mpya, mke na watoto watatu, karani akaitikia ndiyo mzee, kisha akanakili kilichokuwa kwenye faili.

“Umejua lini?” aliniuliza.

“Siku ile niliyoisoma.”

“Wiki tano?”

“Ndiyo, Baba.”

Alivua kofia akafunika uso nayo. Nilimsikia akisema ndani ya kofia, “Wiki tano umekaa peke yako ndani ya nyumba yangu.”

Mama hakufika Kampala. Alishuka Bungoma na watoto na mizigo, mbele ya ndugu wote waliokuwa wakiuza ndizi, bila leso puani, akilia. Baba alikwenda kwa chifu juma lilelile akapata barua, akaniandikisha, na mwaka uliofuata pasi ilikuwa na majina matatu. Nilimsomea. Aliniomba niirudie mara mbili, na safari hii alinitazama usoni badala ya kutazama karatasi. Tulikwenda Bungoma kulima. Habari ya Kampala hakuitaja tena, nami sikulifungua lile daftari mbele yake. Alistaafu akiwafungulia wengine njia, na akafa bila kufika mwisho wa reli. Mimi nimefika mara nne, kwa basi, moja kati ya hizo kwa harusi ya mpwa wangu. Nimevua viatu Kasubi. Nilikaa mkekani nikamhesabu kila mtu aliyeingia.

Tangu siku ile ya ngazi, Baba alikuwa na swali moja kwangu. Nilipokwenda shule ya bweni, nilipoolewa, nilipoleta watoto wamwone, alinisindikiza mpaka njiani kisha akauliza, “Nafula, kuna jambo hujaniambia?” Nami nilimjibu, hakuna, Baba. Aliuliza hata alipolazwa, akiwa hana nguvu ya kuinua mkono. Mara nyingi jambo lilikuwapo. Ndoa yangu ilikuwa inavunjika mwaka mzima nikamwambia hakuna. Wajukuu wangu wa leo hawana siri inayodumu mpaka chakula cha jioni. Wakikwazika wanasema, wakipendwa wanasema, wakiachwa nje ya picha moja ya simu wanadai kuelezwa, na mimi huwatazama kama watu wa nchi nyingine, kwa wivu. Jumapili iliyopita walikuwa wamejaa kwangu wakipanga likizo, kelele tupu, na mdogo wao akaja akaniinamia kitini. “Kukhu, mbona umenyamaza? Uko sawa?” Nikamshika mkono. Nikamwambia niko sawa, mwanangu, endeleeni.